Kutoka Chumba cha Mishumaa

Mama Upendo wangu,

Mbukwa. Nakuamkia kwa lugha yetu kwanza, maana humu ndani hakuna wa kuniitikia. Upendo nikimwamkia kwa Kigogo anacheka, anasema, "Baba, mdomo wangu umeshazoea Kiswahili cha ofisini." Basi nakuamkia wewe huko uliko, Kibakwe, upande wa chini wa makaburi, chini ya ule msalaba wa mninga nilioutengeneza mwenyewe.

Tuliishi pamoja miaka arobaini na moja na sijawahi kukuandikia barua. Ningekuandikia ya nini, wewe ukiwa jikoni na mimi karakanani, hatua ishirini tu kati yetu? Leo nimemwomba Upendo karatasi. Amenipa zile zilizoharibika alipokuwa akichapa lebo za mishumaa yake. Nyuma ziko nyeupe. Ukurasa huu upande wa pili umeandikwa "Waridi", na utakaofuata ni "Mdalasini". Usishangae. Nitakueleza yote, na lile lililonifanya niandike nitalieleza pia, ila usinikimbize.

Unakumbuka tulivyokuwa tukihifadhi mishumaa pale nyumbani? Ilikuwa ile myeupe ya dukani, ya Krismasi na ya dharura. Uliizungushia kipande cha khanga ukaifukia kwenye sanduku, katikati ya mashuka, na mwaka mmoja panya wakaifikia humo humo, wakala nta na mashuka wakayatoboa. Ulikasirika ukacheka papo hapo. Na vile vipande vilivyobaki kanisani, uliniletea mfukoni mwa gauni kila Jumapili. "Hivi ni vya droo zako," ulisema. Nilikuwa nikisugulia nta pembeni mwa droo ili zisikwame, na kwenye msumeno ili usining'ang'anie ndani ya mbao. Wateja walisifu droo zangu kwamba zinateleza kama zina mafuta. Sikuwahi kuwaambia kwamba siri ni wewe na mfuko wa gauni lako.

Sasa niko Dodoma mjini, Chang'ombe, nyumbani kwa mwanao. Tulipomaliza matanga yako alinijia pale kwenye mkeka akasema, "Baba, pakia nguo chache, ukapumzike kwangu wiki mbili." Nilipakia suruali mbili, mashati matatu na randa yangu ndogo, basi. Wiki mbili zile sasa zinaingia mwaka wa pili.

Mradi huu wa mishumaa hukuuona. Upendo bado anafanya kazi ile ile ya serikali, anatoka asubuhi na kurudi jioni, lakini Jumamosi na Jumapili jikoni kwake hakupikwi chakula, kunayeyushwa nta. Anaitia manukato, anaimimina kwenye glasi na vikopo, anafunga utepe. Wananunua hoteli, wananunua maharusi, wananunua wanawake wa maofisini wanaotaka sebule inukie. Ana kipaji, Mama Upendo. Anaonja harufu kama wewe ulivyokuwa ukionja mlenda, macho yamefumbwa na kichwa kimeinama upande.

Tatizo ni joto. Unaijua Dodoma ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, bati linavyolia juu ya kichwa. Mshumaa wenye manukato haupendi joto. Unatoa jasho, matone ya mafuta yanasimama juu yake, kisha unalegea na kuinama. Chumba chenye ubaridi kuliko vyote katika nyumba hii ni cha nyuma, kinachotazama ukuta wa jirani, na ndicho alichonipa mimi. Kwanza aliingiza katoni moja chini ya kitanda. "Kwa muda tu, Baba." Kisha katoni tatu. Kisha akaniuliza, kwa aibu kidogo, kama ninaweza kumtengenezea shelfu.

Nilifurahi mno kushika mbao! Aliniletea mbao za paini, nikapima, nikakata, nikapiga randa hapo uani siku nne. Nilimtengenezea shelfu za ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini. Nilipomaliza na mishumaa ikapangwa, niliona kwamba pamebaki nafasi ya kitanda, ya kiti kimoja, na ya mimi kupita kwa ubavu. Nilikuwa nimejijengea mwenyewe.

Dirisha lina pazia zito, na halifunguliwi. Jua la saa tisa linavuka ukuta wa jirani na kuingia mle kwa muda wa saa moja, na jua linakula rangi ya mshumaa na kuiba harufu yake. Kwa hiyo mimi naishi gizani-gizani, katikati ya waridi, vanila, mchaichai, mdalasini na mwerezi. Mwanzoni kichwa kiliniuma. Sasa sisikii harufu yoyote. Nikila wali, nahisi nakula waridi.

Upendo alinifundisha masharti yote, nami ni mtu wa kazi, nikayashika. Kila glasi ina mfuniko wake, na isikae bila mfuniko hata nusu siku, maana vumbi la hapa linaingia hata mahali pasipo na tundu. Harufu tofauti zisikae rafu moja, zitaambukizana. Mishumaa isilazwe, isimame wima. Usiweke kwenye friji, nta itapasuka. Utambi ukatwe kila kabla ya kuwasha, ubaki robo inchi. Hilo nalipenda kwa sababu lina kipimo. Ninatumia kikata kucha, na robo inchi yangu haihitaji rula. Usiwashe zaidi ya saa tatu kwa mkupuo. Usiwashe karibu na pazia wala penye upepo. Na la kubwa kuliko yote, mshumaa mpya ukiwashwa mara ya kwanza, uachwe mpaka nta iyeyuke yote juu hadi ukingoni. Ukiuzima mapema, siku zote zijazo utayeyuka pale pale katikati tu. Unajichimbia shimo unazama humo, na nta nzuri inabaki pembeni bila kazi.

"Kila kundi jipya ninalolimimina, Baba, uniwashie mmoja wa majaribio jioni nikiwepo," alisema. Akasema kwa sauti kubwa sana, karibu na uso wangu, akiumba kila neno kwa midomo. Ndivyo anavyonisemesha tangu ulipoondoka. Kwa sababu Upendo anaamini kwamba mimi ni kiziwi.

Nilimwambia mwenyewe. Siku ya msiba wako alifika Kibakwe vumbi limemjaa mpaka kope, akanishika mabega. "Baba, mlikuwa wote nyumbani. Mama amefia jikoni peke yake, hakukuita?"

Nikamwambia, "Sikusikia, mwanangu. Masikio yangu siku hizi hayasikii vizuri."

Watu waliokuwa pale wakaitikia kwa huruma, kazi ya nyundo miaka yote ile, masikio yatabaki vipi? Nikawaachia waseme.

Neno moja tu, Mama Upendo, na tazama lilivyonifunga. Mwezi wa kwanza hapa mjini nilitoka asubuhi kwenda kutafuta wanapouza mbao, nipate tu kunusa. Nilipokuwa navuka barabara, pikipiki ikapiga honi nyuma yangu. Niliisikia, ila miguu ya Kibakwe haijui irudi au iende. Ilinikosa kidogo tu. Dereva akanitukana, akaona ni mzee, akaomba radhi, akanirudisha mpaka nyumbani. Upendo alipopata habari alikuja kutoka kazini anakimbia.

"Hukusikia honi?"

Ningejibu nini? Nikisema nilisikia honi, atauliza mengine. "Sikusikia," nikasema.

Alilia. Akaniambia, "Nimepoteza mama, sitaki kukuokota wewe barabarani." Kesho yake alinunua kufuli la lango. Tangu hapo, akitoka asubuhi ananiachia chakula kwenye hotipoti, chai kwenye chupa, simu iliyojaa chaji, na lango analifunga kwa nje. Si kwa ubaya. Ananipungia mkono kabla ya kufunga. Mimi niliyewatengenezea milango nusu ya watu wa Kibakwe, nasikiliza ufunguo ukizunguka, nausikia vizuri mno, halafu narudi chumbani kwa mishumaa.

Nikikataa, nikasema mimi mzima, nifungulieni nirudi kwetu, lazima niseme na masikio yangu ni mazima. Na nikisema masikio ni mazima, yule mtoto atahesabu hatua kutoka jikoni hadi karakanani. Basi nikanyamaza. Nikajifunza kuchelewa kugeuka ninapoitwa. Nikajifunza kusema "Eeh? Unasemaje?" hata kwa jambo nililolisikia vizuri. Nikajifunza kutotabasamu redio inapochekesha. Kazi hiyo inachosha kuliko kuchana magogo.

Mtu mmoja tu nilikuwa sijifanyi kwake. Mbele ya lango letu, ng'ambo ya njia, anakaa Mzee Hamisi, fundi viatu, Msandawe wa Chemba. Lango lina nondo, tunaonana vizuri. Upendo akishaondoka, Mzee Hamisi anasogeza kigoda chake mpaka langoni, nami navuta kiti changu, tunaongea yeye nje mimi ndani. Kuna mtoto mchanga nyumba ya pili, analala asubuhi, kwa hiyo tunaongea polepole, karibu kwa kunong'ona. Ananifundisha kuhesabu kwa lugha yake, ile ya kugonga ulimi, na mimi ulimi wangu unagonga meno, tunacheka mpaka anadondosha sindano.

Siku moja aliniuliza, "Mzee mwenzangu, umefanya kosa gani hata binti akufungie?"

Nikamwambia, "Ananipenda."

Akatazama kufuli, akatazama kiatu mkononi mwake, akaendelea kushona.

Sasa nakueleza kuhusu Alhamisi ile. Upendo alikuwa amemimina kundi jipya la mwerezi kwa ajili ya arusi. Sikuwa na haja nao, ila asubuhi ile nilifungua mfuniko kufuta vumbi, na pua yangu, ambayo nilidhani imekufa, ikaamka. Ilikuwa ni karakana yangu. Ilikuwa ni maranda mabichi yaliyojaa sakafuni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikakaa kitandani na ile glasi mkononi. Halafu nikafanya ambalo sijawahi kufanya, nikauwasha mchana, peke yangu, bila hata kukata utambi. Nilitaka tu harufu izidi.

Ilizidi. Ilizidi mpaka nikashindwa kupumua, kwa sababu siyo karakana tu iliyokuja. Ilikuja ile siku. Nikauweka mshumaa juu ya shelfu, nikavuta pazia, nikafungua dirisha nipate hewa. Halafu nikatoka uani nikaenda langoni kwa Mzee Hamisi, nikakaa, na nikasahau. Nilisahau kabisa kwamba kuna moto nyuma yangu.

Upepo wa Dodoma haubishi hodi. Mzee Hamisi alikuwa ananieleza habari za ng'ombe wa kaka yake, akakatiza katikati. "Mzee mwenzangu, moshi! Nyuma yako, moshi!"

Niliingia. Pazia lilikuwa linawaka kutoka chini, glasi ya mwerezi imepasuka, nta inatiririka kwenye shelfu na moto unaifuata. Katoni za juu zilikuwa zimeanza. Nilivuta pazia likaanguka, nikalikanyaga, nikatupa blanketi, nikakimbilia ndoo ya maji bafuni, nikarudi. Moshi ule ulikuwa mzito na mtamu, Mama Upendo, unanukia kama arusi, na ulikuwa unaniua. Nilisikia nje wakiniita, "Mzee! Mzee, toka!" Sikuwa na pumzi ya kuwajibu. Nilisikia pia chuma kikigonga kufuli. Mara ya kwanza halikufunguka, mara ya pili halikufunguka. Hapo ndipo nilipojua mtu anavyosikia akiwa ndani, anahitaji mtu, na mtu hajafika.

Walivunja kufuli. Mzee Hamisi na vijana wawili wa bodaboda waliingia, wakanitoa, wakamalizia moto kwa mchanga. Rafu mbili ziliungua. Nyingine zilibaki, ila mishumaa yake ilikuwa imeinama yote upande mmoja, na glasi zimekuwa nyeusi kwa masizi.

Upendo alifika akanikuta nimekaa kwenye kigoda cha Mzee Hamisi, nje ya lango, mahali ambapo sikuwa nimekaa mwaka mzima. Hakutazama mishumaa. Alinigusa mikono, uso, kichwa, kama mtu anayetafuta kitu kilichovunjika. Kijana mmoja akamwambia, "Tulimwita sana, dada, hakujibu." Upendo akajipiga kifua.

"Nimemfungia kiziwi ndani ya moto," alisema. "Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu."

Mzee Hamisi akashangaa. "Kiziwi nani? Huyu? Binti yangu, huyu ananisikia hata nikinong'ona. Kila siku tunaongea hapa."

Alisema kwa nia njema kabisa. Alitaka kumpunguzia uchungu.

Upendo alinitazama. Mimi nikatazama chini. "Anasoma midomo, labda," alisema polepole.

Siku mbili alikaa nyumbani. Kazini aliomba udhuru, akasafisha, akatupa vilivyoungua. Jumamosi mchana hakuyeyusha nta, alikuwa anapika, amenipa mgongo, sufuria inachemka, redio ya jirani inaimba. Mimi nilikuwa mezani nachambua mchele. Akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya chini kama anajisemea mwenyewe, "Naomba chumvi, Baba."

Nikainuka nikampa chumvi.

Mkono wake ulipoligusa kopo la chumvi nikajua nimefanya nini. Naye hakuipokea. Ilibaki katikati yetu, mimi nimeshika huku na yeye kule.

"Tangu lini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida sasa, haikuumba maneno.

"Siku zote."

"Siku ile ya Mama?"

Ningeweza kudanganya mara nyingine. Nilikuwa nimezoea. Ila nilikuwa nimechoka, mwenzangu, nilichoka mifupa. "Nilisikia," nikasema.

Alizima jiko. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko kufuli. Alinunua kufuli jipya, akalitundika langoni likiwa wazi, funguo zikining'inia. Asubuhi alitoka bila kufunga na bila kupunga mkono. Lango wazi, njia ile pale, Mzee Hamisi yule pale, barabara ya kwenda stendi ile kule. Nilisimama kwenye kizingiti na begi langu. Ningeenda wapi? Kibakwe, kwenye ile nyumba, nikalale upande wangu wa kitanda na kutazama jikoni? Nilirudisha begi.

Na mishumaa akaihamisha. Ile iliyosalia aliibeba yote siku moja, kwa mikono yake, akaipeleka chumbani kwake, ambako bati linawaka tangu saa nne asubuhi. Alijua itaharibika. Ila hakutaka tena kuingia chumbani kwangu kuitazama. Rafu zangu zikabaki tupu, na sasa ninajua kwamba naweza kukosa usingizi kwa sababu ya chumba kunukia mbao tu.

Nilivumilia mpaka Jumatano. Akiwa kazini nilifungua mlango wa chumba chake, ambao nilikuwa sijaugusa tangu nije. Mishumaa ilikuwa sakafuni, imetoa jasho, mingine imelala kama watu waliochoka. Ilikuwa kazi yake ya miezi. Nikaanza kuirudisha, mmoja mmoja, kwenye ubaridi. Nikaipanga kwa harufu zake. Ile iliyoinama nikaiweka peke yake, apate kuiyeyusha upya. Nikaketi sakafuni na kitambaa na spiriti, nikaanza kufuta masizi kwenye glasi.

Alirudi mapema. Alisimama mlangoni muda mrefu, mkoba begani. Nilidhani ataniambia niache. Akavua viatu, akaketi sakafuni upande wa pili wa katoni, akachukua kitambaa. Tukafuta glasi. Tulifuta labda kumi.

Halafu akauliza, "Alisemaje?"

"Nani?"

"Mama. Mimi sikuwepo, Baba. Maneno yake ya mwisho unayo wewe peke yako, na umenificha. Alisemaje?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilidhani nimemficha kosa langu tu. Kumbe nilimficha na wewe.

Nikamweleza kuanzia asubuhi. Kwamba mwalimu mkuu alikuja kutazama mlango wake, na wewe ukapita na ndoo ukasema mbele yake, "Mbona kama umepinda?" Ulikuwa umepinda kweli. Mwalimu akacheka, mimi nikanuna. Sikunywa uji wako. Nilichukua randa nikaanza kunyoosha ule mlango kwa hasira, na nikaapa moyoni kwamba leo siongei mpaka uje wewe.

"Akaita," alisema Upendo.

"Akaita. Mara ya kwanza alisema, 'Baba Upendo, njoo mara moja.' Sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kukuonyesha kitu. Nikaendelea kupiga randa."

"Na mara ya pili?"

"'Baba Upendo, njoo basi.' Sauti ilikuwa imeshuka. Nilidhani ananibembeleza. Nilidhani anataka tupatane, na moyoni nikafurahi, mwanangu. Nikaweka randa chini."

"Ukaenda?"

"Nilisimama tu."

"Ukingoja nini?"

"Nilingoja aite mara ya tatu."

Upendo alishika glasi ile aliyokuwa akiifuta na hakuifuta. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanadondoka kwenye sketi yake ya kazini. Hakusema amenisamehe. Sijui kama atasema. Baada ya muda aliniomba nirudie maneno yako, yale tu, bila yangu. Nikayarudia. Akayasema mwenyewe kwa midomo, mara mbili, kama anayejifunza. Kisha akaona kitambaa changu kimejaa masizi, akakichukua mkononi mwangu na kunipa kingine, safi.

Hayo ndiyo ya jana. Leo ameenda kazini, lango liko wazi, na mimi niko chumbani kwa mishumaa. Nimeacha pazia limefungwa kwa sababu jua la saa tisa linakuja. Mwisho wa mwezi ameomba ruhusa, tutakuja Kibakwe wote wawili, yeye na mimi. Sijui atakachosema pale kaburini, na mimi najua mdomo wangu utaniangusha, ndiyo maana nimeandika. Sijui pia kama nitabaki huko au nitarudi naye. Hajaniuliza, na sina haki ya kuchagua kabla yake. Nangoja aseme.

Sitakuomba radhi kwa maneno mengi, maana hukupenda mtu anayejitetea. Nitakuambia lile ambalo nilipaswa kuwaambia watu siku ya kwanza kabisa, pale kwenye mkeka, mbele ya majirani na mbele ya mtoto wetu.

Nilikusikia. Uliita mara mbili, Mama Upendo. Zilitosha.

Mumeo,
Baba Upendo